Fundi Aliyepigia Mguu Hodi

Sogeza kigoda, ukae. Achana na kile kiti kirefu. Wewe unayeanza kazi hii ya kutengeneza miguu ya bandia, jambo la kwanza ninalotaka ulisikie kwangu ni hilo: kaa chini. Mtoto aliyekatwa mguu ameshatazamwa kutoka juu na watu wengi mno. Daktari alisimama akamtazama, nesi alisimama akamtazama, majirani waliokuja kutoa pole nao walisimama wakamtazama. Wewe fundi kaa chini, uso wako uwe chini ya uso wake, akuone hadi utosini. Kama una kipara na akataka kukicheka, mwache acheke.

Mimi sina kipara, nina mvi. Wananiita Mama Kulwa. Nilifanya kazi katika karakana ya viungo bandia ya hospitali moja hapa Mwanza tangu nikiwa msichana hadi nilipostaafu, na sasa niko nyumbani Nyakato nafuga kuku wasiotaga. Vijana wa karakana wakipita kunisalimia huniuliza mambo ya plastiki na tanuri, ikae muda gani, itolewe ikiwa na rangi gani. Nawajibu. Ila wakishaondoka nabaki na hisia kwamba jambo lenyewe sijawaambia. Jambo hilo nilifundishwa na mtu wa mbali aitwaye Nidal, naye alijifunza mahali ambapo sitaki mtoto yeyote apelekwe kusomea.

Nianze na kazi yenyewe, maana huenda anayenisikiliza haijui. Sehemu ya mguu inayobaki baada ya kukatwa tunaiita kigutu. Unaloweka bandeji za plasta kwenye maji ya uvuguvugu, unakizungushia kigutu, halafu unaishikilia kwa viganja mpaka ikauke. Ikikauka unaivua kama soksi ngumu, unamimina uji wa plasta ndani yake, na kesho yake unapata umbo la kigutu. Sisi tuliliita kinyago. Kinyago hicho unakichonga kwa tupa, unakifunika kwa plastiki iliyolainishwa kwenye tanuri, ndipo unapata kikombe cha kuingiza kigutu. Kikombe kikiwa kibaya, mtoto atautupa mguu uvunguni arudie gongo lake.

Na kikombe kizuri kinatokana na kile kipindi kifupi ambacho kigutu kimetulia mikononi mwako. Mtoto akiogopa, misuli inajikaza. Plasta inashika umbo la misuli iliyojikaza, na wewe unakwenda kumtengenezea mguu unaomtosha akiwa na hofu tu. Siku ambayo haogopi, mguu unamlegea.

Hilo tulilijua, ila dawa yake hatukuijua. Mkuu wetu wa karakana alikuwa Mzee Bwire, mtu wa Mara, wa kule ufukweni, aliyeanza kazi enzi za miguu ya mbao na ngozi. Mikono yake ilikuwa mipana kama makasia. Njia yake ilikuwa kuwahi. Nesi ashike mabega, mama ashike mikono, fundi afunge bandeji kabla mtoto hajajua kimetokea nini. "Tukiwahi analia kidogo," alikuwa akisema. Alikuwa mtu mwema, na sisi wote tulifanya hivyo hivyo.

Ndipo akaja Nidal. Aliletwa na hospitali kwa mkataba wa miaka michache. Alikuwa Mpalestina, wa kijiji kimoja cha Ukingo wa Magharibi, mwembamba, mrefu, mwenye kicheko cha ghafla. Kiswahili alikikamata haraka kwa sababu hakuona aibu kukosea. Mwanzoni alimwamkia shikamoo kila aliyemwona, pamoja na watoto waliobebwa mgongoni, na wapo waliomwitikia marahaba bila kucheka.

Alikuwa na tabia mbili nilizoziona mapema. Ya kwanza, hakukaa akiupa mlango mgongo. Tukienda kula ugali na sato kwa mama lishe, alizunguka meza yote kutafuta upande unaotazama nje. Ya pili niliiona siku Mzee Bwire alipokuwa anakusanya nyaya za tanuri. Alichukua ile mikanda myembamba ya plastiki inayojibana yenyewe, ile ambayo ukishaivuta hairudi nyuma, akavuta mmoja. Ukalia trrrk. Nidal aliweka kikombe cha chai chini, akatoka nje.

"Huyu Mwarabu anaogopa umeme," Mzee Bwire akasema.

Nami nikakubali kwamba anaogopa umeme.

Mimi ndiye niliyemtafutia chumba huku Nyakato, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Jumamosi ya kwanza akaja kunywa chai, amekunja uso kama mtu aliyepewa hesabu ngumu.

"Mama Kulwa, jirani yangu kila asubuhi anasimama nje anaita neno moja. Hodi. Leo nilikuwa naoga, sikujibu. Nimetoka, nimevaa, bado amesimama."

"Anasubiri useme karibu."

"Mlango ulikuwa wazi. Kuna pazia tu."

"Hata kama ni pazia."

"Na nisiposema karibu?"

"Ataita tena. Ukizidi kunyamaza ataondoka, ajue hupo au hutaki wageni."

"Hata akiwa mwenye nyumba?"

"Hata akiwa mwenye nyumba, Nidal. Wewe kwenu mnaingiaje kwa watu?"

"Kwetu pia tunabisha," alisema. Akazungusha kikombe chake. "Ila waliokuja kunichukua mimi hawakubisha."

Alimaliza chai, akanishukuru, akaondoka. Nilijua pana jambo, lakini mtu akisimama mlangoni pa jambo lake, humvuti.

Sasa nije kwa Kabula. Alikuwa mtoto wa Magu, wa umri wa darasa la pili. Gari la ng'ombe lililobeba pamba lilimpindukia, kidonda kikaoza, ikabidi mguu ukatwe chini ya goti. Aliletwa na bibi yake, mama mmoja mkavu mwenye rozari shingoni. Bibi alipomwona Nidal akauliza, "Huyu ni Mwarabu wa Tabora?"

"Shikamoo bibi. Hapana, natoka Palestina."

"Marahaba. Palestina ya kwenye Biblia?"

"Hiyo hiyo."

"Bethlehemu unapafahamu?"

"Ni mwendo wa gari tu kutoka kwetu, barabara ikiwa wazi."

Bibi akaniangalia, akamwangalia tena. "Kumbe bado watu wanaishi huko!"

"Wanaishi, bibi. Wanajitahidi."

Kabula hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye bandeji. Wakati wa kusafishwa kidonda, watu wazima wanne walikuwa wakimkandamiza kila mara, na sasa kila kitu cheupe kilichoviringishwa kwake kilikuwa kitu cha kukandamiziwa. Niliposogea alipiga yowe hadi wagonjwa wa nje wakasimama. Alimng'ata nesi kidole.

"Bwana fundi," bibi akamwambia Mzee Bwire, "shule inafunguliwa. Mwalimu amesema atampokea akiweza kutembea. Shule iko ng'ambo ya majaruba ya mpunga. Nimembeba mwaka mzima, mgongo wangu umekwisha. Asipopata mguu safari hii, atakaa nyumbani na mimi, na mimi sitakaa milele."

"Mshikeni," Mzee Bwire akasema.

"Hapana," Nidal akasema.

Hakupaza sauti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia mtu akimkatalia Mzee Bwire ndani ya karakana ile. Nidal alivuta kigoda, akakaa mbali kidogo, akaweka mikono yake juu ya magoti, viganja juu, vitupu. Akainama kuelekea kile kigutu.

"Hodi," akasema.

Kabula akakata kilio katikati. "Unamwita nani?"

"Naupigia hodi mguu wako."

"Mguu hausemi."

"Mwenye mguu ni nani?"

"Mimi."

"Basi hodi, mwenye mguu."

Kabula akatutazama wote kama anayetaka kujua nani ndiye mwendawazimu. "Subiri," akasema.

"Nasubiri."

Na akasubiri kweli! Mimi, kwa mazoea, nilikuwa nimeshatumbukiza bandeji kwenye ndoo tangu bibi anaongea. Bandeji ya plasta haijui kusubiri. Nidal anapiga hodi, Kabula anasema bado, na ndani ya ndoo bandeji zinageuka mawe. Mzee Bwire alizitoa akazigonga mezani, ko, ko.

"Plasta hii inatoka Dar kwa lori, na ninyi mnafyatulia tofali?"

"Hodi," Nidal akasema, macho kwa Kabula.

"Toka nje kwanza," Kabula akamwambia.

Alitoka nje ya pazia la chumba cha vipimo. Kabula akasikiliza. "Piga sasa."

"Hodi."

"Bado. Nenda mbali."

Akaenda hadi kwenye benchi la wagonjwa. Wagonjwa walikuwa wanacheka. Asubuhi ile nzima iliisha hivyo, fundi mwenye diploma anatumwa huku na kule na mtoto wa darasa la pili. Hatukupata kipimo. Bibi alimbeba Kabula kurudi kwa ndugu yao wa mjini walikofikia, akinung'unika kwa Kisukuma, na Mzee Bwire hakunywa chai na sisi.

Kesho yake nilipofungua mlango nilimkuta Kabula amekaa juu ya kitanda cha vipimo, kigutu amekinyoosha mbele. "Yule wa hodi yuko wapi?" akauliza.

Nidal aliingia, akakaa kwenye kigoda, akapiga hodi.

"Karibu," Kabula akasema.

Ndipo akaniashiria niloweke bandeji. Na bado hakuwahi. Kila kitu alikiomba. Naweka soksi? Weka. Naweka alama kwa kalamu? Weka. Nazungusha? Zungusha. "Ukisema acha, naacha," alimwambia. Mimi moyoni nikasema, mtoto huyu atakujaribu, utaona.

Akamjaribu. Bandeji imefika katikati, inaanza kushika, Kabula akasema, "Acha!"

Nidal akaachia. Aliinua mikono yote miwili juu, maji ya plasta yakimtiririka hadi kwenye viwiko. Nilitaka kupiga kelele. Kila fundi anajua ukiachia hapo kipimo kimeharibika. Kabula alimtazama, akaitazama ile mikono hewani, akatazama tena. Mabega yake yakashuka. Nikaona hata kigutu kinalegea, kama mtu anayejinyoosha kitandani.

"Endelea," akasema.

Kinyago kilitoka na mkunjo mmoja pale Nidal alipoachia, mstari ulionyooka kama kovu. Sehemu nyingine zote kilikuwa laini, umbo la mguu uliopumzika. Mzee Bwire alikizungusha mikononi mwake akakitazama. "Huu mkunjo mtauondoa kwa tupa," alisema, kisha akaongeza, huku anaondoka, "nyama imetulia. Sijawahi kuona nyama ya mtoto imetulia hivi."

Nidal ndiye aliyeuchonga ule mkunjo. Nilikaa naye kwenye jiliwa la kubania vifaa nikipiga msasa kikombe cha mgonjwa mwingine, na bila mimi kuuliza akaanza kunieleza, sauti ikipanda na kushuka na tupa.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Askari wa jeshi walivunja mlango alfajiri, wakamtoa kitandani. Walimfunga mikono kwa mkanda wa plastiki, ule wa trrrk, na kumfunga macho kwa kitambaa. Mama yake alimkimbilia na viatu, wakamzuia mama, Nidal akaenda na kandambili. Walimlaza kwenye sakafu ya gari. Walikompeleka alihojiwa peke yake, bila baba wala wakili, na wakubwa waliomwambia rafiki zake wameshamtaja. Walimpa karatasi ya lugha asiyoisoma, wakasema akiweka sahihi atarudi nyumbani. Akaweka. Hakurudi.

"Walisema umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nimerusha mawe."

"Ulirusha?"

Akacheka kile kicheko chake. "Mama Kulwa, hakuna mtoto wa kijiji chetu ambaye hajawahi kurusha jiwe. Ila siku waliyoitaja wao nilikuwa nyumbani naumwa jino."

Walimpeleka mahakamani, na mahakama yenyewe ilikuwa ya kijeshi. Aliingia na minyororo miguuni, akamwona mama yake upande wa pili wa chumba. Hawakuruhusiwa kusogeleana. Mama akamuuliza kwa ishara ya vidole mdomoni, umekula? Akaitikia kwa kichwa, ndiyo. Alikuwa hajala. "Hilo nalikumbuka kuliko kupigwa," alisema. "Nilimdanganya mama yangu kwa kichwa." Alikaa ndani miezi kadhaa. Tangu atoke amekuwa mtu mzima, amesoma, amefanya kazi nchi mbili, na bado analala na viatu kando ya mto, kamba zimelegezwa tayari.

Nilifikiri ananieleza ya zamani. Kumbe alikuwa anakaribia ya wiki ile. Alifuta vumbi la plasta kwenye simu yake, akanionyesha picha ya kijana mwenye masikio makubwa anayekula tikiti. Huyo ni Karim, mpwa wake, mtoto wa dada yake Hanan. Alichukuliwa vile vile, umri ule ule, na sasa alikuwa ametoka. Ametoka gerezani, lakini hatoki chumbani. Shuleni haendi. Anayeingia anamfokea, hata mama yake. Anakojoa kitandani, na akijua kwamba mama ameona, hali siku nzima. Hanan alikuwa anampigia Nidal kila siku akilia, anataka aambiwe la kufanya.

"Wewe ulipotoka walikufanyia nini?" nikamuuliza.

"Walinijaa. Shangazi, wajomba, majirani, kila mmoja aliingia na sahani na swali. Walikupiga? Ulisema nini? Walinikumbatia wote. Wananipenda, sikatai. Mimi nilitaka mlango tu. Wa chumba chetu ulikuwa umevunjwa, na baba alisema tutautengeneza baadaye."

"Basi Karim awekewe mlango."

"Hanan anaogopa. Anasema akijifungia na komeo, akajidhuru humo ndani, nani atamfikia?"

Kama mama nilimwelewa. Ila mimi ni mtu wa tupa na msasa. Nikatazama pazia la chumba cha vipimo, lile ambalo Kabula alimtolea Nidal nje.

"Awekewe pazia," nikasema. "Halina komeo. Ila mtu asivuke bila karibu."

Nidal aliacha kuchonga. Alimpigia dada yake pale pale, nami nikasikiliza Kiarabu nisichokijua kikipanda joto. Alinitafsiria vipande. "Anasema mtoto wake ametoka jela na mimi namletea habari za vitambaa. Anauliza aliyetoa wazo hili ni daktari?"

"Mwambie ni fundi wa miguu."

Alimwambia. Nikasikia mwanamke anacheka na kulia kwa pamoja.

Hanan alitundika shuka. Sharti likawa kwa nyumba nzima: unasimama nje ya shuka, unaita, unasubiri. Akisema hapana, unaweka sahani chini unaondoka, na swali lako unaondoka nalo. Mnaweza kudhani ni rahisi. Hanan alisema alikuwa anashika mkono wake kwa mkono mwingine ili asilifunue. Karim alisema hapana asubuhi, mchana na jioni. Siku zikapita, wiki zikapita, ikawa hapana tu.

Nidal alikuwa anakonda huku anatazama simu. Siku moja alimfungia mzee wa Sengerema unyayo wa kushoto kwenye mguu wa kulia. Enzi hizo daraja la Busisi halijafunguliwa, mzee alikuwa amesubiri kivuko tangu asubuhi. Akasimama, akajitazama, akauliza kwa upole, "Mwanangu, kwa huu mguu nitakuwa nakwenda au narudi?"

Halafu ikafika siku ya Kabula kutembea. Mguu ulikuwa tayari, na bibi alikuwa amemnunulia viatu vya shule, vyote viwili. Kabula alikuwa katikati ya vyuma vya kujifunzia, ameshika huku na huku, ulimi nje, simu ya Nidal ikaita. Ilikuwa Hanan, kwa video. Nidal aliongea naye kidogo akiwa amegeukia dirisha.

"Nani huyo?" Kabula akauliza.

"Dada yangu. Mwanawe yuko nyuma ya pazia, hataki mtu aingie."

"Kwa nini?"

"Alishikwa kwa nguvu na watu wazima."

Kabula alifikiri. Hili alikuwa analijua. "Mmempigia hodi?"

"Kila siku. Anasema hapana."

"Na mimi si nilisema? Lete nimpigie."

Nidal alisita, akasema jambo kwa Kiarabu, na Hanan akaipeleka simu hadi kwenye shuka. Tuliliona, la maua ya bluu. Kabula akavuta pumzi.

"Hodi!"

Akaisogeza simu mdomoni.

"Hodi, wewe wa kwenye pazia!"

"Kabula, adabu," bibi akasema.

Ikatoka sauti ya kijana, imekwaruza. Nidal akatutafsiria. "Anauliza ni nani huyo, na anasema nini."

"Mwambie ni Kabula wa Magu, nina mguu mpya, naomba kuingia."

Nidal akatafsiri. Sauti ikajibu neno moja, nami sikuhitaji tafsiri.

"Haya," Kabula akasema. "Nitapiga siku nyingine." Akarudisha simu, akashika vyuma vyake, akaendelea kutembea. Hakununa, hakubembeleza. Mimi nimelea watoto na wajukuu, na sijui kama nimewahi kukubali hapana ya mtu vizuri namna ile.

Baada ya wiki kadhaa alirudi kurekebishiwa kikombe, maana mtoto akianza kutembea kigutu husinyaa, na hilo mlikumbuke, msimpe tarehe ya mbali. Hakutusalimia hata vizuri. "Nipigieni yule."

Hanan alikuwa jikoni. Alikwenda hadi kwenye shuka na simu mkononi. Mzee Bwire, aliyekuwa anajifanya anatafuta patasi, alisimama nyuma yetu.

"Hodi," Kabula akasema, taratibu safari hii.

Tukasubiri. Nidal alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, viganja juu. Lile shuka likatikisika. Ukatoka mkono mwembamba, wazi, ukangoja. Hanan aliuelewa kabla yetu, akauwekea simu. Mkono ukaingia nayo ndani.

Tuliona dari, halafu giza, halafu nusu ya uso na sikio moja kubwa. Akasema jambo. Nidal akatafsiri. "Anasema, onyesha huo mguu."

Kabula aliuvua, akauvaa, akaruka nao, akampa maelezo yote ya kikombe na soksi kama fundi mkuu. Karim akauliza kama unauma.

"Asubuhi tu, nikiwa nauvaa," Kabula akasema. "Wewe kwako kunauma lini?"

Nidal alinitazama mimi kwanza. Kisha akalitafsiri lile swali kama lilivyo. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amemuuliza hivyo.

"Usiku," Karim akajibu.

"Pole," Kabula akamwambia. Na ile nusu ya uso ikaitikia kwa kichwa.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yaliishia hapo vizuri. Karim alitoka chumbani kidogo kidogo, kwanza kula, kisha uani. Shule alirudi amechelewa, na mpaka leo akiwa chuoni hafanyi mtihani kwenye chumba kilichofungwa mlango. Mwalimu wake anauacha wazi, namsifu mwalimu huyo nisiyemjua. Nidal mkataba ulipokwisha alirudi kwao, anatengeneza miguu ya watoto wa huko, na viatu bado viko kando ya mto. Alichofanyiwa akiwa mtoto hakijamtoka. Ninachomheshimia ni kwamba kila mtoto aliyekaa mbele yake alipata lile ambalo yeye alinyimwa. Kabula sasa ni msichana wa sekondari, ameshabadilisha vikombe kadri anavyokua, na anavuka majaruba kwa miguu yake.

Mzee Bwire naye alikuwa ameyaona yote siku ile. Wiki iliyofuata nilimkuta kwenye chumba cha vipimo, mwili wake mkubwa umekunjamana juu ya kigoda, anamwambia hodi mtoto wa miaka mitatu, na ndoo ya maji iko kavu pembeni.

Basi kesho asubuhi, mtoto akiletwa mbele yako, acha bandeji kwenye pakiti. Kaa kwenye kigoda, weka mikono juu ya magoti, viganja juu. Piga hodi. Akisema bado, subiri.